Jinsi Tulivyomtafutia Rukia Somo la Nchi na Watu

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kwenye kambi za mkonge karibu na Voi, hakuna aliyekaa kitako kufundishwa habari za nchi na watu. Tulitumwa. Mama akitikisa kopo la chumvi akaona halina kitu, aliita jina la aliye karibu, na aliyeitwa hakuuliza kwa nini si fulani. Leo ukimtuma mtoto akuletee maji ya kunywa, anakutazama kama anayekuuliza miguu yako imepatwa na nini. Sisi tulikuwa nusu ya njia kabla mama hajamaliza kusema.

Wenzangu wa rika langu mnajua kambi zilivyokuwa. Laini ya vibanda ya juu Wataita, inayofuata Wakamba, kule karibu na mashine Wajaluo waliokuja na treni, na sisi wa pwani tulikuwa mwisho kabisa penye vyoo, kwa sababu baba alichelewa kuandikwa kazi. Harufu ya mkonge uliokamuliwa ilikuwa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Utomvu wake ulituwasha miguu tukajikuna kwa magunzi ya mahindi mpaka ngozi ikawa nyeupe. Nyuzi zilianikwa kwenye waya, ndefu, zinapepea, nasi tukapita katikati yake tumejitwika nyuzi vichwani, tunakohoa kama wazee wenye mvi, mpaka nyapara apulize filimbi. Hapo kila mzee alipata miguu ya sungura.

Mama yangu hakujua kusoma, lakini sheria zake zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Ukifika kwa Mtaita asubuhi, sema "Kwawuka", na usiingie mpaka ujibiwe. Mzee Mkamba msalimu mara mbili, maana ya kwanza hasikii makusudi, anakupima kama una haraka. Kwa Mama Atieno, kule kwa Wajaluo, usisimame mlangoni wanaume wakiwa wanakula. Ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia na usichungulie chungu cha watu. Ukipeleka chakula, sahani hairudi tupu, hata kama ni ndimu moja itatiwa. Na ukirudi, njoo moja kwa moja useme umeona nini: wanapika nini, nani mgonjwa, mgeni gani kafika. "Ukitumwa nenda na macho," alikuwa akisema. "Miguu hata kuku anayo."

Basi nilikuwa nikirudi nampita shangazi aliyeketi nje, nampita nyanya anachambua mboga, wote wananiuliza za huko, sijibu mtu. Habari ilikuwa ya mama, kwa sababu mama ndiye aliyenituma. Ndivyo nilivyojua kwamba kimanga, ile mihogo iliyopondwa na maharage, ni chakula cha Wataita, na kwa nini Wajaluo hulia kwa sauti kwenye msiba na sisi tunakatazwa. Shule nilifika darasa la tatu tu. Mwalimu alikuwa na ramani moja ukutani, imeliwa na mchwa upande wa Ulaya, na alituchapa kwa maziwa na milima ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Ile ramani imenitoka. Salamu za kambini hazijanitoka.

Nayaandika haya nikiwa Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, nyumbani kwa binti yangu Zuhura. Nilikuja kwa viza ya kutembelea, nikafanya umra, na nisifiche, nilikuja pia kumchukua mjukuu wangu Rukia. Baba yake, Salim, anasimamia ghala huko Al-Sulay, Riyadh. Kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, alimhamishia huko, na anakolala ni vyumba vya wanaume peke yao, ndiyo maana mke na mtoto wakabaki huku. Rukia ana miaka sita. Shule za wageni ni za wenye nacho, kwa hiyo mama yake anamsomesha mezani, hapo hapo anaposhonea nguo za watu.

Salim hakuridhika. Alipiga simu na mimi nimekaa pale pale. "Kusoma na hesabu sawa, nimeona. Lakini habari za kwao je? Mtoto atakuwa mgeni huku na mgeni kule. Alhamisi nakuja. Kama hujapata somo la maana la nchi na watu, mama akiondoka, aondoke naye. Akasome Voi."

Zuhura alisema "sawa". Mimi moyoni nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeshatandika kitanda chake Voi, karibu na changu. Nilikuwa nimempigia Salim zamani, nikamwambia mtoto arudi. Zuhura hilo hakulijua.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Zuhura alifungua kompyuta akanionyesha masomo. La kwanza linatoka ng'ambo, linakuja na kasha, ndani mna bendera na pasipoti ya karatasi. Mtoto anagongewa muhuri kila nchi "anayotembelea" bila kuinuka kitini. Rukia tayari alikuwa amefanya la majaribio. Nikamuuliza, "Haya, Kenya kuna nani?"

"Kuna simba na twiga."

"Na mimi je?"

Akafikiri. "Wewe uko kwenye simu, nyanya."

Zuhura akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. La pili lilikuwa kitabu cha kwetu, kaunti zote na makao yake makuu, kukariri kama kasuku. Nikaikumbuka fimbo ya mwalimu wangu. La tatu lilikuwa lile wanalosoma watoto wa hapa, zuri, lina picha, lakini la kwao. Zuhura alifungua hili akafunga lile, mpaka usingizi ukamkimbia. "Mama, nichague lipi?" aliniuliza. Nikamwambia, "Hayo yote ni karatasi." Halikuwa jibu. Nilijua halikuwa jibu, na nilijua kwa nini simpi jibu.

Alhamisi ikafika. Zuhura alikuwa chumbani anamalizia gauni la mteja, cherehani inalia. Mimi nilikuwa nimepika vitumbua. Nyumba ile ina majirani chini na juu, na tangu nifike sijamjua hata mmoja kwa jina. Mlango una kufuli mbili na Zuhura amekataza usifunguliwe. Nikamtazama Rukia amekaa anapaka rangi bendera ya nchi yenye barafu, nikaona huyu mtoto baba yake anakuja kumuuliza habari za watu na hajawahi kubisha hodi popote. Nikajaza sahani, nikamfundisha adabu kama nilivyofundishwa, mkono wa kulia, usichungulie chungu, sahani hairudi tupu. "Mpelekee jirani wa chini," nikasema, nikafungua kufuli.

Kambini mtoto aliyetumwa nyumba ya jirani alirudi kabla moshi haujabadilisha njia. Nikangoja. Nikasimama kwenye ngazi nikaita, sauti ikanirudia peke yake. Nikashuka, nikabisha kwa jirani wa chini. Akafungua msichana wa Kihindi, mke wa mtu, akaniashiria kwa mikono kwamba mtoto alikuja, akaondoka. Tena alikuwa anatabasamu. Mlango wa nje wa jengo ulikuwa wazi, na barabara inawaka jua, magari yanapita.

Nikapanda nikamwambia Zuhura. Sikumzungusha. Nilisema, "Nimemtuma Rukia chini, hayuko."

Aliinuka na gauni la watu likiwa bado limeshikwa na sindano ya cherehani, likachanika. Akavuta abaya akaivaa ndani nje. Alishuka ngazi bila viatu, anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo sijaisikia tangu azaliwe. Nilimwona kwenye dirisha, amesimama katikati ya barabara, ameshika kichwa, lami ya moto ya adhuhuri chini ya nyayo zake. Mwenye bakala, lile duka dogo la mtaani, akatoka, naye akaanza kuita. Na hapo ndipo Salim akafika na begi lake.

Wenzangu mnajua, mkwe hamgombezi mama wa mkewe. Kwetu haifanyiki. Kwa hiyo Salim alipompandisha mkewe juu kutazama tena vyumbani, alimsema yeye, mbele yangu.

"Zuhura, mlango huu nani aliufungua?"

Zuhura akainama kutazama chini ya kitanda.

"Zuhura, hapa si kambini. Hapa mtoto hatumwi. Unanisikia?"

Maneno yalipewa mke, masikio yaliyotakiwa yalikuwa yangu. Binti yangu hakunitaja. Aliinamisha kichwa akayapokea yote kama yake, nami nikamwacha ayapokee.

Tukasikia vicheko juu kwenye ngazi. Alikuwa anashuka mwanamke wa Kisudani, jina lake Umm Hiba, amemshika Rukia mkono, na Rukia ameibeba sahani kifuani, juu yake tende na mkate wao mwembamba umekunjwa. Umm Hiba akazungumza na Salim kwa Kiarabu, na Salim uso wake ukawa hauna pa kwenda. Alikuwa anamwambia kwamba binti yake amekataa kuondoka mlangoni mpaka atiliwe kitu.

Ikawa hivi. Yule wa chini alipokea vitumbua, akaosha sahani, akairudisha inang'aa. Kwao, nafikiri, hiyo ndiyo heshima. Mtoto akaona sahani ni tupu na nyanya kasema hairudi tupu, basi akaogopa kurudi. Akapanda juu kubisha mlango mmoja mmoja.

Nilinyoosha mikono. Rukia akanipita. Akampita baba yake ambaye hakumwona kwa muda mrefu. Akaenda kwa Zuhura, akamvuta shingo, akamnong'oneza kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka nyumba ya tatu.

"Mama, mlango wa katikati mafi mtu, hawapo. Huyu anaitwa Umm Hiba. Kwao kuna mto mkubwa lakini hawaendi, kuna vita. Huu mkate anaumwaga kwenye chuma, anaupangusa hivi. Ana mtoto anakohoa. Tumpelekee tangawizi?"

Zuhura alikuwa amemfukia kwenye abaya ile ya ndani nje.

Umm Hiba alipoondoka, Salim akakaa. Hakulainika kama mnavyodhani. "Leo amerudi," alisema, "kesho je?" Na alikuwa na haki. Kisha akanigeukia mimi, kwa adabu, macho chini. "Mama, wewe ndiye mkubwa. Tiketi nikate ya wawili?"

Jibu nilikuwa nalo tangu Voi. Nililitoa huko, nikalipakia na nguo zangu. Nikalitafuta mdomoni nikakuta lingine.

"Kata ya mmoja."

"Lakini mama, wewe mwenyewe ulinipigia simu ukasema arudi."

Zuhura akainua uso akanitazama. Nikalibeba hilo tazamo.

"Nilikupigia. Sasa nakwambia kata ya mmoja. Kule nitamtuma, atakwenda, ataona, atarudi. Hizo habari atampa nani? Leo nimemtuma mimi, habari kampelekea mama yake. Mimi si niliyemzaa."

"Na somo?"

"Nunueni kile kitabu cha kwetu, ajue milima na mito yake, hiyo lazima. Kasha la bendera acheni. Na kila juma atapelekwa kwa jirani mmoja, na mama yake nyuma yake kwenye ngazi. Mlango usifunguliwe tena bila Zuhura. Hata na mimi."

Salim akasugua magoti. "Nami nikiwa Riyadh nitafanya nini?"

"Hapo ghalani unafanya kazi na nani?"

"Wapakistani, Wanepali, Waganda, mama, kila namna."

"Umewahi kumwambia mtoto wanakula nini?"

Akatazama soksi zake. "Wanepali wanakula dengu mpaka mimi nimechoka kwa niaba yao," akasema, na Rukia kutoka kwenye abaya akauliza dengu ndiyo nini. Akaanza kumweleza. Mimi nikaenda jikoni, kwa sababu kulikuwa na vyombo.

Baadaye Zuhura alikuja akasimama karibu nami. Nilidhani ataniuliza kuhusu ile simu. Hakuuliza. Alichukua kitambaa akapangusa vikombe nilivyoosha, akavipanga, na hilo nimelipokea kama msamaha kwa kuwa sijui kuomba mwingine.

Kesho naondoka, na kiti cha pembeni yangu kwenye ndege atakikalia mtu nisiyemjua. Nimekaa nikiwaza. Enzi zetu dunia ilikuja yenyewe na treni, ikashusha mizigo, ikalala laini ya pili kutoka kwetu. Mama zetu walitutuma kwayo wamekaa kwenye vigoda, wanakuna nazi, hawana wasiwasi, kwa kuwa kila mlango ulikuwa na mtu anayejua sisi ni watoto wa nani. Mjukuu wangu dunia iko juu ya dari yake na chini ya sakafu yake, karibu kuliko ilivyokuwa kwetu, na mama yake hana budi kufunga kufuli. Simlaumu. Nimemwona barabarani. Mama wa leo akitaka mwanawe ajue watu, lazima aache cherehani, avae, ashike mkono, apande ngazi naye. Sisi tulipewa bure, tukalalamika kwamba tunatumwa sana.