Mama Giza na Kichupa Kisichotakiwa Kuwaka

Saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshaingia kila chumba cha jengo hili, fundi mmoja wa maabara anateremsha mapazia. Anazima na taa. Kisha anafungua friji, anatoa kichupa kidogo kilichofungwa karatasi ya foili na kukiweka juu ya barafu.

Wenzake wanamwita Mama Giza.

"Waache waseme," anacheka. "Mwanga ukiingia humu, kazi yangu imekwenda na maji."

Kichupani mna kingamwili ya utafiti. Kazi yake ni moja tu: kutafuta kipokezi kilicho juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu. Mama Giza anakiita pua. Mahali penye uvimbe mwilini hutoa kemokini, yaani harufu ya kuita askari, na chembe zenye pua hiyo huifuata. Kingamwili huing'ang'ania pua ikiwa imebeba rangi inayowaka mashine ikiimulika. Rangi hiyo haitaki mwanga wa mchana. Hupauka kama pazia la dirishani.

Watafiti wanataka kujua kama wingi wa chembe hizo unaweza kuonyesha mapema ni nani baridi yabisi itamlemaza viungo. Kwa Mama Giza hilo ni swali la nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa mshonaji. Vidole vilianza kuvimba, vikapinda, na cherehani ikafunikwa kitambaa kwenye kona ya sebule. Mama huyo naye ni mmoja wa waliojitolea kutoa damu, ingawa damu huja na namba tu na binti hajui ipi ni ya nani.

Kingamwili mpya ilipofika, aliijaribu kwa pupa. Kioo cha kompyuta kikajaa nukta zinazowaka. Hakungoja, akampigia mama yake: "Mama, tumeziona."

Ndipo akapima kichupa cha kulinganishia. Hiki hutiwa kingamwili yenye rangi ileile lakini isiyo na cha kutafuta, kwa hiyo lazima kibaki giza. Nacho kilikuwa kinawaka.

"Nikajua zile nukta si za kuaminika," anasema.

Kosa lilikuwa lake. Chembe nyeupe zina tabia ya kudaka mkia wa kingamwili yoyote ipitayo, kama watoto wanaoshika kila kitu dukani. Ndiyo maana hutangulizwa dawa ya kuziba, zishibe kwanza. Hatua hiyo aliiruka. Haraka haraka haina baraka, na siku ile hakuhitaji mtu wa kumkumbusha.

Kwa bosi wake alikiri bila taabu. Nyumbani ndiko kulikokuwa kuzito.

"Nilimkuta ameitoa cherehani kitambaa, anaifuta vumbi. Nikamwambia, Mama, nimekosea, hatujaona kitu. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akaniuliza, 'Mwanangu, mshonaji akikosea hufanyaje?' Nikasema hufumua. Akasema, 'Basi nenda kafumue.'"

Leo anafumua. Dawa ya kuziba imetangulia, na safari hii kichupa cha kulinganishia ndicho kinachopimwa kwanza. Kioo kinabaki cheusi. Anashusha pumzi, kisha anaweka damu yenyewe. Nukta zinatokea moja moja, chache sana kuliko zile za mwanzo.

"Chache," anasema, "lakini hizi naweza kuzitetea."

Anajua utafiti huu hautanyoosha vidole vya mama yake. Wameshaambizana hivyo, na anakiri kwamba walilia wote wawili. "Natamani tu mshonaji mwingine aambiwe mapema, vidole vikiwa bado vinamtii."

Namuuliza kama atampigia mama leo. Anatikisa kichwa huku akikirudishia kichupa foili yake.

"Narudia kesho, halafu narudia tena. Zikibaki hivi, nitakwenda nimwambie uso kwa uso." Anafunga friji. "Ile cherehani hajaifunika tena, unajua. Kila nikienda, naitia mafuta."