Mama aliandika "wapae", mimi nikasoma "wapake": siku niliyomkaanga sato na magamba yake

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi, na walimu wangu kama mmo humu basi nisameheni mapema.

Hii sio chai. Imetokea nyumbani kwetu Ipagala, mashahidi wapo, na mmojawapo ni shati langu la shule ambalo mpaka leo lina njano kifuani kama jezi.

Natumia simu ya dingi. Ameenda kwenye karakana yake Kizota akaisahau kwenye chaji. Uzi ukikatika ghafla msinitafute, mjue kaikumbuka.

Twende.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Ukerewe. Kazaliwa kisiwani, kaolewa kisiwani, kala samaki tangu hana meno mpaka meno yameanza kumuaga tena.

Mwezi uliopita aliletwa Dodoma kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Alikuwa anaona vivuli tu. Nikipita mbele yake ananiuliza, "Wewe ni mtu au pazia?"

Hospitali wakampima, presha ikawa juu. Wakampa vidonge vya kumeza baada ya chakula, wakasema arudi Jumatano ya wiki inayofuata afanyiwe operesheni.

Baada ya chakula. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Dingi ni Mgogo kamili. Kwetu mlenda ni kama umeme: ukikosekana, watu wanatoka nje kuulizana kuna nini. Mlenda na ugali wa uwele, kesho ugali wa mtama na mlenda, Jumapili tunabadilisha sahani.

Bibi siku ya kwanza alichovya tonge, akalivuta, mlenda ukamfuata mpaka kidevuni.

"Chakula gani hiki kinakimbilia tumboni kabla sijakikaribisha?"

Tulicheka. Siku ya pili akala nusu. Siku ya tatu uji mtupu. Mama akamletea wali na nyama, akagusa tu, akasema nyama ni kitu cha harusini, hakiliwi kila siku. Siku ya nne akakataa na vidonge, eti havimezwi kwenye tumbo linalolia.

Alhamisi jioni akamwita dingi.

"Mkwe wangu, nikatie tiketi. Jumamosi narudi kwangu."

Dingi akauliza kwa unyenyekevu wote, "Na macho, mama?"

"Haya niliyonayo yananitosha kuiona njia ya ziwani."

Wakuu, mkwe habishiwi. Dingi akasema "Sawa mama," akatoka nje akaenda kuangalia ukuta wa uzio kama vile ndio kwanza anauona. Maza alikuwa jikoni, kageukia sinki, mabega yanatikisika.

Mimi ni mtu wa utani, darasani kwetu form three wanajua. Lakini pale niliacha. Kwa sababu bibi akipanda lile basi, ndio basi. Ukerewe mpaka Dodoma sio safari ya kurudiwa na mtu wa umri ule kila mwezi. Angebaki kwenye vivuli maisha yake yote.

Halafu, nikisema ukweli, nilikuwa nimeshamzoea. Ni mtu pekee pale nyumbani anayenijibu utani wangu. Ananiita "mume wangu" kama bibi wengine wote, ila yeye anaongeza lawama: nimemuoa nikamleta kwenye nchi isiyo na maji, mahari yake inarudishwa lini.

Basi.

Ijumaa asubuhi mfanyakazi mwenzake maza akarudi kutoka Mwanza, kamletea sato wawili kwenye kisanduku cha barafu. Wakubwa, wazito, wazima kama walivyotoka majini. Maza alimwambia kabisa wasiguswe, maana bibi haamini samaki aliyesafishwa na mtu asiyemjua. Akawaweka kwenye friji akaenda kazini, mpango ukiwa awahi kurudi awapike mwenyewe.

Wawili tu. Wa akiba hakuna.

Mimi natoka shule saa nane, nakuta bibi kalala kwenye kochi, begi lake kalikumbatia. Kitochi cha nyumbani kinalia kwenye meza. Meseji ya maza:

"Kikao hakiishi. Toa sato wawili kwenye friji. Wapae vizuri, toa matumbo, osha, weka chumvi na ndimu, kaanga. Bibi asisogelee jiko. Fanya haraka ameze dawa."

Nikasoma mara mbili. Wapae.

Wapae?

Hapa naomba wakuu wa kanda ya ziwa na wa pwani mnielewe kabla ya kunitukana. Mimi ni mtoto wa Dodoma. Paa ninaowajua ni watatu: paa wa porini, paa la nyumba, na kupaa kwa ndege. Samaki wanaokuja kwetu ni dagaa, au perege wa Mtera ambaye muuzaji wa sokoni kashamsafisha, anakuja kwenye mfuko akiwa uchi tayari.

Sasa ongeza na hii. Simu ya maza ina tabia ya kujiandikia. Wiki moja kabla alinitumia meseji, "Nunua mkaka ndoo ndogo moja." Nilikaa na ile meseji muda mrefu. Kumbe alimaanisha mkaa.

Kwa hiyo nikapiga hesabu. Wiki iliyopita K ilizidi. Wiki hii K imepungua. Imebalansi.

"Wapae" ni "wapake".

Wapake vizuri. Wapake nini? Hajasema. Maana yake kaniachia uhuru.

Sikumpigia maza kwa sababu yuko kwenye kikao. Sikumuuliza bibi kwa sababu kalala, na nilitaka aamkie harufu. Na jingine ni kiburi tu, nisifiche.

Nikafungua kabati la viungo. Manjano, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, binzari nyembamba, masala ya pilau ambayo yalikuwepo tangu sikukuu. Nikachanganya na mafuta, nikawapaka wale sato mpaka mikono ikawa njano hadi kwenye viwiko, na shati la shule kifuani. Siagi ya karanga niliishika nikairudisha. Hata mimi nina mipaka.

Magamba niliyaona, sio kwamba sikuyaona. Tatizo ni Biology. Mtihani wa mwisho nilichora samaki, nikaweka dorsal fin, caudal fin, operculum, na kwenye faida za scales nikaandika zinamkinga samaki. Mwalimu akaweka tiki kubwa. Sasa kitu kinachomkinga samaki mimi nani nikitoe?

Nikapasua tumbo la mmoja, nikatoa vya kutoa, kale kaputo kake ka hewa kakapasuka nikaruka nyuma. Nikabandika kikaango. Mafuta yakachemka. Nikamshika mkia kwa heshima, nikamshusha.

Sekunde tano za kwanza zilikuwa nzuri sana.

Halafu magamba yakaamka. Yalisimama moja moja kama yameitwa majina. Mafuta yakaanza kupasuka pa! papapa! Gamba moja likaruka likabandika kwenye kalenda. Lingine shingoni kwangu. Nikachukua mfuniko wa ndoo nikajikinga, mkono mmoja mfuniko, mkono mmoja mwiko, kama mtu anayezima ghasia.

Sebuleni nikasikia sauti.

"Mume wangu! Nje kunanyesha mawe?"

"Hapana bibi, napika!"

"Unapika bati?"

Nikamuopoa yule sato. Wakuu, hakuwa sato tena. Alikuwa kakakuona. Magamba yote yamejikunja kwenda juu, viungo vimeungua vimekuwa vyeusi, macho yake yananiangalia kwa masikitiko. Mwenzake bado mbichi kwenye bakuli, wa njano, anasubiri zamu yake.

Nikaangalia saa. Nikafikiria basi la Jumamosi. Utani wote ukaniishia, naapa. Nilichokuwa nacho mkononi ndicho kilikuwa cha kumzuia bibi asiondoke, na nilikuwa nimeshakiharibu.

Bibi akaingia jikoni kwa kushika ukuta. Nikakumbuka meseji, nikasema, "Bibi, maza kasema usisogelee jiko."

"Nimezaa mimi, halafu aliyezaliwa ananipangia. Nipe huyo samaki."

Nikampa sahani. Akapitisha vidole juu ya yule mnyama taratibu, kuanzia kichwani. Akasimama. Akarudisha vidole, akapitisha tena.

"Mume wangu. Huyu samaki umempaa?"

"Nimempaka bibi. Kila kiungo kilichokuwepo."

"Sijauliza kumpaka. Nauliza kumpaa."

"Bibi, samaki atapaa vipi na hana mabawa?"

Akaiweka sahani mezani.

Kisha nikaona tumbo lake linacheza. Nikadhani analia. Wakuu, alikuwa anacheka. Bibi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, akacheka mpaka akatafuta kiti, kitenge kikamfunguka kichwani. Tangu afike Dodoma hajawahi kucheka vile. Akijaribu kusema neno, anaishia kwenye "hana mabawa" anaanza upya.

Alipotulia akasema, "Keti hapa. Leta ugali uliopo na chumvi."

Akaingiza ukucha nyuma ya kichwa cha samaki, akavuta. Ngozi yote ikatoka na magamba yake, kipande kimoja, kama mtu anavua koti. Masala yangu yote, manjano yangu yote, yakaondoka na lile koti.

Ndani nyama nyeupe. Inatoa mvuke. Laini, ina maji yake, haijaguswa na kiungo hata kimoja. Yale magamba yalikuwa yameufungia utamu humo ndani.

Akaonja kidogo na chumvi. Akatafuna polepole.

"Samaki ananuka samaki," akasema.

Mimi nikadhani ni lawama, nikaanza kuomba msamaha. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Nyamaza nile. Huku kwenu kila kitu mnakificha kwenye masala. Huyu ananuka alikotoka."

Alikula wakuu. Alikula upande mmoja, akamgeuza, akala upande wa pili. Mimi nilipewa mkia na kipande cha tumbo, nikashukuru. Kilikuwa kitamu mpaka nikajionea wivu. Miiba alikuwa anaitenga kwa ulimi bila hata kuihitaji mikono, na haoni. Mimi naona vizuri na nilikwamwa mara mbili.

Kisha akafika kichwani. Akakivunja, akafyonza, akatoa jicho la samaki, akalishika kati ya vidole viwili.

"Hili nimeliazima," akasema, akalitia mdomoni. "Nitalitumia mpaka Jumatano, wakinipa langu nitalirudisha."

Nilicheka kwanza. Halafu nikarudia maneno kichwani.

Jumatano. Hakusema Jumamosi, wakuu. Alisema Jumatano.

"Bibi, kwa hiyo hauondoki?"

"Niondoke nimwache yule mwenzake kwenye bakuli? Lete dawa zangu. Na ulete kisu."

Akameza vidonge vyake vyote. Kisha akanifundisha kupaa, kumbe ni kumtoa samaki magamba. Unamuosha kwanza hizo rangi zako. Unamshika mkia. Mgongo wa kisu, unatoka mkiani kwenda kichwani, kinyume na magamba yalivyolala. Mwisho unapitisha kidole, ukisikia mkwaruzo hujamaliza. Yeye ndiye alikuwa mkaguzi. Kila nikisema "tayari" anapitisha kidole anasema "hapa chini ya pezi, mvivu wewe." Tukamtoa matumbo, tukamtia kwenye sufuria na nyanya, kitunguu, chumvi, basi. Hakuna kingine.

Maza akaingia mbio saa kumi na mbili kasoro na mkoba bado begani. Akakuta magamba kwenye kalenda, magamba kwenye nywele zangu, mama yake kakaa kwenye kigoda mbele ya jiko.

"Mama! Si nilisema usisogelee jiko?"

"Na mwanao ulimwambia apae, akapaka," bibi akamjibu. "Humu ndani anasikilizwa nani?"

Maza akaniangalia. Nikamwonyesha meseji, nikamweleza habari ya K. Alitaka kunigombeza, niliona mdomo unajiandaa, lakini akaona vile vidonge vimepungua kwenye pakiti, na miiba kwenye sahani. Akakaa chini kwenye sakafu na nguo za ofisini, akaanza kucheka na kujifuta machozi kwa pamoja. Dingi aliporudi akaambiwa tiketi haitakiwi, akasema "Sawa mama" kwa sauti nyingine kabisa. Akaomba mchuzi kidogo achanganye na mlenda. Bibi akamwambia sawa, ila akale mbali.

Jumatano bibi akafanyiwa jicho la kwanza. Alhamisi wakamtoa bandeji.

Natoka shule, namkuta sebuleni kavaa miwani myeusi kama msanii. Akaniita karibu. Akainua miwani kidogo, akaniangalia. Paji la uso, pua, masikio, akashuka mpaka kwenye viatu, akarudi juu. Nilikuwa nasubiri neno zito.

"Ni wewe mume wangu?"

"Ni mimi bibi."

Akashusha miwani.

"Haya," akasema. "Angalau unajua kupika."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba ukikutana na neno usilolijua kwenye meseji ya mama yako, usimsahihishe. Uliza. Kuuliza kungenigharimu aibu ya dakika moja, nikaona bora nihatarishe macho ya bibi yangu. Nimebahatika tu, sijafanya ujanja wowote. Na samaki hahitaji mambo mengi.

Sasa karibuni. Wa kanda ya ziwa mnicheke kwa zamu. Wa kanda ya kati wenzangu, kuna mwingine humu aliyekuwa hajui kupaa samaki au ni mimi peke yangu nimejianika? Na kama kuna mtu anajua namna ya kutoa manjano kwenye shati jeupe, aandike haraka, Jumatatu kuna ukaguzi wa sare.