Mdomo Uliotakiwa Kuomba Radhi

Habari za msiba zilinikuta Bariadi, chai ikiwa bado mezani. Mke wa marehemu alinipigia simu mwenyewe. "Shemeji, mwenzangu kapumzika. Na watu wamekuja, uani hapatoshi." Habari ya kifo niliielewa. Hiyo ya watu kujaa uani ndiyo iliyonichanganya, na mpaka naandika safu hii bado inanichanganya.

Wasomaji wangu, marehemu alikuwa rafiki yangu, mkulima wa pamba wa kijiji kimoja upande wa Lingeka, mtu wa maneno mengi. Mkikutana asubuhi, mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ilipitia watoto, ng'ombe na mvua, na ukichelewa shughuli zako shauri yako. Kisha jembe likaanza kumponyoka. Akawa anaburuta mguu, ulimi ukawa mzito, mwisho akawa anasalimiwa njiani anapita kimya. Kwao hilo si jambo dogo. Wakasema anaringa, wengine wakasema ni pombe. Kikao cha kijiji kikamtenga: asisalimiwe, asisaidiwe shambani, wala akifa asizikwe, mpaka asimame mbele yao aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Mdomo upi sasa? Mkewe alikwenda kumwombea, mwenyekiti wa kikao akamjibu, "Mayu, mama, wewe hatuna neno nawe. Aje mwenyewe aseme." Marehemu alisikia yote hayo na kuyaelewa. Alilia, na mkewe akaniambia anachoogopa si kufa, ni kufa akiwa ametengwa.

Tulimpeleka kwa daktari, mgeni katika mkoa wetu. Alisema ugonjwa huu huua seli za neva zinazoamrisha misuli. Nikauliza zinauawa na nini. Akasema DNA, yale maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, hupata majeraha kila mara kwa kila mmoja wetu, na mwili huyatengeneza. Kwa baadhi ya wagonjwa kazi hiyo huonekana kuzidiwa. Halafu ziko seli za glia, zinazokaa ubavuni mwa neva, kuzilisha na kuziondolea taka. Hizo nazo huweza kubadilika, zikaanza kuzidhuru neva zile zile zilizokuwa zikitunzwa nazo. Nikauliza kipi kinatangulia. "Mzee, hatujajua vizuri," akasema, nami nikamkasirikia kana kwamba ugonjwa kauleta yeye. Mkewe aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo jirani naye anammaliza?" Daktari akasema inawezekana.

Maneno hayo niliyafikisha kwa mwenyekiti. Alinisikiliza kwa adabu zote, akatikisa kichwa. "Ugonjwa wa kuzuia salamu? Huo huku hatujauona."

Nilipokwenda kuzika niliwakuta wote, hata wale waliokuwa wakivuka njia wasikutane naye. Walichimba kaburi, wakaleta kuni na maji, na baadhi walilia kweli. Nilimuuliza mwenyekiti imekuwaje. "Sasa huyu ataombaje radhi?" akanijibu. "Tumemsamehe." Nilitaka kumwambia kwamba hata alipokuwa hai alikuwa hawezi, lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikashindwa. Sikujua nimchukie au nimpe pole.

Kabla jeneza halijashushwa mwenyekiti aliinama akamsalimia marehemu, "Mwadila, baba." Kisha, kwa mazoea, akangoja kuitikiwa.

Mtu akipita bila kuitikia salamu yako, wasomaji wangu, usikimbilie kikaoni. Mfuate, msalimie tena, na safari hii mtazame mdomoni.