Magari Yaliyoshuka Kutoka Djugu

Katika kazi yetu kuna swali moja ambalo hatuulizake: unauzisha juu ya nini? Uliza moteri, uliza fre kama zinashika, lala chini ya gari mpaka shati igeuke rangi, lakini usimuulize mutu sababu. Akikuambia kweli utamuhurumia, na huruma inakula faida. Akikudanganya, utaubeba ule uongo mpaka kwa muteja wako. Watu wanasema kuuliza si ujinga. Sawa, lakini kwa siye wa magari, kuuliza ni kufukuza mali mulangoni.

Hiyo sheria nilijifunza kwetu Butembo, na nilikuja nayo Bunia. Kiwanja changu kiko Nyakasanza. Nanunua gari zilizochoka, natengeneza, napiga rangi, nauzisha. Niko na mudomo mukali, sikatai. Majirani wanajua kwamba saa ninatukana boluti, afazali wapite upande mwingine. Bibi yangu, mama ya watoto, ndiye anasafisha magari kwa ndani, viti na mazulia. Jicho lake ni kali kushinda mudomo wangu.

Kwa kawaida magari yangu yanatoka Aru, kule mupakani. Naenda, nachagua ile iliyougua lakini haijafa, narudi nayo bariere kwa bariere, ushuru juu ya ushuru, na vumbi mpaka ndani ya meno. Kwa hiyo ule mwaka, magari yalipoanza kunifuata yenyewe nyumbani, nilimushukuru Mungu kwa sauti.

Ya kwanza ilikuwa gari ndogo nyeupe ya mukubwa wa shule moja ya kule milimani, barabara ya Djugu. Aliiacha, alihesabu makuta yake, akaondoka kwa miguu bila kugeuka. Kisha ikaja jipu ya mutu wa dawa. Kisha ingine, ilikuja na baba, mama na watoto wote ndani. Walishuka na sufuria na godoro, na ile gari ikabaki kwangu ingali na joto. Zote zilikuwa na matope mekundu ya barabara ile ile, yamekauka chini ya mipira hadi nilikuwa nayabomoa kwa nyundo.

Kitu kilichonishangaza ni afya yao. Mutu anauzisha gari inayokohoa, haya ndiyo maisha. Lakini hizi hazikuwa na ugonjwa. Moja ilikuwa imebadilishiwa fre zote, mupya kabisa, hata rangi ya kiwandani ilikuwa bado juu yake. Nani anabadilisha fre kisha anauzisha gari kwa bei ya mbuzi wawili watatu? Nilijiambia: mujinga. Nilipiga rangi, nikaendelea.

Bibi yangu alikuwa anatoa majani ya maharagi chini ya kiti cha nyuma.

“Baba ya watoto,” aliniambia, “hizi motokari zote zinatoka kwetu.”

“Ulitaka zitoke wapi? Mbinguni?”

“Dalili ya mvua ni mawingu.”

“Basi tununue mabati.”

Hakucheka. Yeye ni mutoto wa ile milima, na mama yake alikuwa angali kule, peke yake na shamba lake la maharagi. Mama mukwe alikuwa mwanamuke mufupi mwenye kicheko kikubwa, anacheka mpaka anashika mbavu, lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kutembea mbali hakuweza. Kupanda pikipiki, hata kwa dakika tano, alilia. Akitaka kushuka Bunia alikuwa anaomba nafasi kwa mwenye gari wa pale jirani, na hakuna aliyemunyima, juu alikuwa anawalipa kwa hadithi njia nzima.

Tulikuwa tunamupigia simu kila juma siku ya Mungu, tukitoka misa. Bibi yangu alimuomba aje akae kwetu. Alijibu: nani atavuna? Tukamuomba tena. Acha nivune kwanza, wanangu. Siku moja nilichukua simu mwenyewe, nikamutania kwamba maharagi yake yana bahati kuliko mukwe wake. Kwa kawaida angenirudishia maneno mpaka nikimbie. Siku ile hakunitania, alisema:

“Mukwe, huku kumenyamaza. Asubui hausikie tena motokari hata moja.”

“Si ulale vizuri sasa?”

“Silali,” alisema.

Nilirudisha simu kwa bibi yangu, nikaenda kuangalia gari zangu. Kiwanja kilikuwa kimejaa kama soko la siku ya sita. Gari ya nyuma haikuweza kutoka bila kuhamisha tatu za mbele. Wateja wa kununua walikuwa wachache, lakini nilijiambia watakuja, biashara haigombi.

Kisha akaja mutu wa viazi. Huyu nilikuwa namujua miaka mingi. Alikuwa anashusha viazi kutoka Djugu na pikapu yake ya bluu, na hakuna mutu wa kugombania bei kama yeye kati ya Bunia na ziwa. Anaweza kugombana juu ya ndizi moja mpaka muuzaji ampe bure amutoke. Ile pikapu aliipenda kushinda ndugu zake. Mara ngapi nilimwambia aniuzie? Kila mara alinijibu kwamba nitanunua kwanza meno yake.

“Mwizi wangu, uko?” aliita kwenye lango.

“Niko, mwizi mwenzangu.”

Aliingia bila kucheka. Alipita magari yote mazuri, hakuangalia hata moja, akaenda mpaka kwenye kona ambako kulikuwa na basi ndogo ya zamani. Ile basi ilikuwa aibu yangu. Vioo nusu havikuwako, kutu imekula milango, na kuku wa bibi yangu walikuwa wanatagia ndani. Moteri yake tu ndiyo ilikuwa nzima, juu nilikuwa nikiichokoza kila mwezi isife.

Hakufungua kuona moteri. Aliingia ndani, akakaa kiti cha kwanza, akahamia cha pili, akaenda hivyo mpaka nyuma, midomo yake ikihesabu. Kisha akatoa kichwa kwenye dirisha bila kioo.

“Ukitosha viti vyote, uving’oe, watu wakae chini, inaweza kubeba wangapi?”

“Watu ama viazi?”

“Watu.”

Nilimwambia inategemea wamependana namna gani. Alishuka, akanipa funguo za pikapu mukononi.

“Tubadilishane.”

“Na unaniongeza ngapi?” nilimuuliza kwa kumutania, juu pikapu yake ilikuwa na bei ya basi kama ile tatu.

“Sina kitu cha kuongeza. Chukua pikapu. Tosha viti leo, niondoke na basi kesho asubui.”

Aye! Yule mutu, bila kugombana! Hapo ndipo niliogopa. Na sheria ya Butembo, ya kazi, ya faida, yote ilinitoka, nikamuuliza kile tusichoulizake.

“Ndugu yangu, juu ya nini?”

Alinionyesha kiwanja kwa kidevu.

“Gari zote hizi umenunua, hakuna mutu amekuambia?”

“Hakuna niliyemuuliza.”

Basi akaniambia. Watu wa porini, wenye bunduki, walikuwa wanapita milima yote, nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani iko na gari. Mwenye gari walimuchukua yeye na gari yake, awabebee mizigo yao. Wengine walirudi kwa miguu. Wengine hawakurudi. Ndiyo maana kila mutu alikimbiza gari yake Bunia aiuzishe, akapanda tena kwake mikono mitupu, ili wakiuliza aseme hana.

“Na sasa wametuma neno watakuja wengi,” alisema, “na si juu ya gari tena. Watu wanataka kukimbia. Watakimbia na nini? Magari yetu yote iko hapa kwako, patron. Umeyapiga rangi.”

“Na hii basi?”

“Hii takataka nani atainyang’anya? Wakiiona watacheka, watatuacha tupite.”

Nyuma yangu ndoo ilianguka. Bibi yangu alikuwa amesimama pale na kitambaa mukononi, maji yanapita kati ya miguu yake. “Mama,” alisema. Alipiga simu, akapiga tena, akapiga mpaka jua likaenda. Rezo ya kule ilikuwa imekatika.

Tulitosha viti na mutu wa viazi, siye watatu. Nilimupa jina la mama mukwe na nyumba yake ilipo, ingawa aliijua vizuri. Kule nani hakumujua yule mama? Aliniapia kwamba atapita kwake wa kwanza. Miye pia nilitaka kupanda naye pamoja, lakini magari yangu yote hayakuwa na mafuta, ilipaswa nizunguke kwanza kuyatafuta. Asubui basi ilitoka mbele yetu, ikitoa moshi mweusi, na siye tulifuata kisha, bibi yangu kando yangu kwenye ile gari nyeupe, na majirani wawili nyuma wakiendesha jipu na ile pikapu ya bluu.

Tulifika kwenye bariere ya mwisho. Kamba ilikuwa imevutwa. Askari walituambia basi ilipita, lakini kisha ikaja amri: hakuna mutu kupanda tena. Nilisihi. Nilitoa kila kitu kilichokuwa mufukoni. Mukubwa wao, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alirudisha makuta yangu mukononi mwangu.

“Papa, ukipanda, haushuke,” aliniambia. Hakunitisha, alikuwa ananihurumia, na ile huruma iliniogopesha kushinda bunduki yake.

Kisha watu wakaanza kushuka. Kwanza wachache, kisha barabara nzima, na magodoro kichwani, watoto mugongoni, mbuzi, mashini ya kushona. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya kilima cha pili. Bibi yangu aliuliza kila mutu juu ya mama yake. Wengine walisema walimuona asubui. Wengine hawakusimama.

Mwanamuke mumoja alisimama. Alikuwa bibi ya yule mukubwa wa shule. Alikuja mpaka kwenye gari nyeupe, akaweka mukono juu yake polepole.

“Iko natembea muzuri?” aliniuliza.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimufungulia mulango, nikamukalisha yeye na watoto, nikajaza magari yote matatu mpaka juu, na majirani wakashusha wa kwanza Bunia wakarudi kuchukua wengine. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa heri wangenitukana.

Jua lilikuwa limeinama saa tulisikia ile basi. Ilikuja imelala upande mumoja, watu wamejaa ndani, wamening’inia mulangoni, wamekaa juu. Bibi yangu alikimbia kabla haijasimama. Alizunguka mulango mpaka madirisha, akiangalia uso kwa uso, akiita. Kisha akazunguka mara ya pili. Mutu wa viazi alizima moteri, akabaki ameshika usukani, hakushuka.

“Nilipita kwake wa kwanza, vile niliapa,” alimwambia bibi yangu. “Nilimupandisha na mikono yangu, nikamukalisha. Tulipofika kwenye kanisa kulikuwa mama mwenye mimba kubwa, na nafasi hakuna. Mama yako akashuka. Nilimushika mukono, dada, alinikatalia. Alisema: mukalishe huyu. Miye, mukwe wangu iko na motokari mingi, atakuja kunichukua.”

Bariere ilifunguliwa baada ya siku nyingi. Tulipanda, tukatafuta kanisani, shambani, kwa majirani, mpaka kwenye vijiji vya ng’ambo. Hatukumukuta.