Salehe hajibu

Jumatano jioni, Ngamiani.
Shoga yangu Mwanaidi, na nyote mnaosoma hapa,

Leo chuoni marehemu mume wangu amefukuza watu darasani.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya mitandao. Mwalimu alisema kila mtu aipe kompyuta yake jina, kisha zipigiane hodi kupitia waya: moja iite, nyingine ijibu.

Yangu nikaiita Salehe. Mkono ulienda wenyewe.

Yule kijana Denis, anayejiita Injinia na muhula wa kwanza hatujaumaliza, akaiita yangu kutoka kwake, kisha akapaza sauti:
"Salehe hajibu. Mama Rehema, hebu mwamshe huyo Salehe wako."

Darasa likacheka.

Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, Salehe tulimzika mwezi wa Rajabu."

Nikainama, nikakuta waya wangu haujaingia vizuri. Nikausukuma.

Kwenye kioo cha kompyuta ya Denis, Salehe akaanza kujibu, mstari baada ya mstari.

Injinia akaruka kutoka kitini. Wawili wakatoka nje kabisa. Na hawa ndio wanaowacheka bibi zao kwa kuogopa bundi.

Mwalimu naye, pamoja na shahada yake:
"Badilisha jina hilo, mama. Usituletee mambo. Kesho nikilikuta, maksi sikupi."

Silibadilishi. Salehe wangu hakuwahi kumtisha mtu. Hata kuku akiingia jikoni, alimtoa kwa kumwambia "samahani".

Maksi abaki nazo.

Mkimwombea Salehe, nami mnikumbuke.