Mektilda na Virusi Vilivyolala

Mektilda wa kijiji cha Migato alianza dawa za VVU wakati Limbu, bintiye wa mwisho, bado yuko mgongoni. Kila alipopimwa kliniki Bariadi aliambiwa virusi havionekani. Mumewe Luhaga hakuwa navyo, na walilala kitanda kimoja bila wasiwasi.

Mwaka huu hedhi ikakoma. Joto likawa linampanda ghafla shambani, katikati ya kuchuma pamba, hadi kitenge kinalowa. Siku ya kliniki, ametoka kutolewa damu ya kipimo, akamsikia daktari akiwaeleza wauguzi wapya kwamba VVU hujificha ndani ya chembe za mwili, na kwamba maabara imeonyesha homoni ya kike, estrojeni, husaidia kuvilaza. Ikipungua, kama kwa mama aliyekoma hedhi, huenda vikaamka. Mektilda hakungoja kusikia zaidi.

Alipofika nyumbani akahamishia shuka zake chumba cha Limbu. Chakula kikaanza kumshinda Luhaga. Asubuhi moja akamkuta mkewe uani akichambua pamba.

"Mama Limbu, kama umepata mwingine niambie mwenyewe. Nisije kuambiwa na watu."

Pamba ikamdondoka. "Mwingine wa wapi, Baba Limbu? Nakukinga. Virusi vyangu vimeamka."

Akamweleza yote huku analia. Luhaga alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuwasha pikipiki. "Panda. Twende huko huko."

Kliniki, majibu ya ile damu yalikuwa yameshafika: virusi bado havionekani.

"Virusi vilivyolala, homoni inaweza kuvigusa," daktari alisema, "ila hata vikiamka, dawa inavizuia visizaliane. Ndani ya mwili wa mama aliyekoma hedhi mambo yanakwendaje hasa, bado yanachunguzwa."

"Kwa hiyo hamjui?"

"Si yote, mama. Lakini kwa majibu haya humwambukizi mzee, hilo tunalijua. Usiache dawa, usikose kipimo."

Walipofika uani Luhaga akazima pikipiki, akabaki ameushika usukani. "Ungeniambia tu," alisema.

Mchana huo huo Mektilda alirudisha shuka zake, na Luhaga akamsaidia kutandika. Ila hadi leo joto likimpanda shambani, husimama katikati ya pamba akijiuliza kama vimeamka, mpaka lipite.