Ufa Niliouona Chini ya Ndege

Nakumbuka asubuhi moja hapa Durban, mwanangu, nilipoficha neno moja, na neno hilo likamuua mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipata kazi kwenye karakana iliyokuwa inajaribu ndege mpya ya kivita, ile aina inayotua kwa kushuka wima. Ilikuwa haijaruka bado. Tuliifunga kwa minyororo juu ya sakafu ya zege, injini ikawashwa, moto ukapulizwa chini. Kazi yangu ilikuwa kukagua sakafu hiyo kabla ya kila jaribio, kisha kutia sahihi.

Siku hiyo niliona ufa, mrefu kama mkono wangu. Lakini wageni waliokuja kutazama jaribio walishakaa, na shefu, mkuu wa karakana, alikuwa anatazama saa. Mwanamke nilikuwa peke yangu pale, nami nilishachoka kuitwa mwoga. Fiston, fundi wa Bukavu aliyenifundisha kazi, akaniuliza, "Dada, chini iko sawa?"

"Iko sharp," nikamjibu. Nikatia sahihi.

Injini ikanguruma. Ule moto ukaingia kwenye ufa, zege likapasuka, vipande vikaruka. Kimoja kilimpata Fiston kichwani, pale aliposimama na mtungi wa kuzimia moto. Alikata roho njiani kwenda hospitali.

Siku ya mazishi msimamizi wetu, Mzee Salum wa Tanga, alinivuta pembeni. "Ule ufa uliuona?"

"Niliuona, mzee."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Basi usinililie mimi. Nenda kamwambie mjane wake."

Nilikwenda kwao, mtaa wa Overport. Nilimkuta ameketi sakafuni anakunja mashati ya marehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuuliza, na ukamdanganya?"

"Ndiyo, dada."

Alinionyesha mlango. Hajanisemesha tena mpaka leo, wala simlaumu.

Mwanangu, wewe nawe sasa unaanza kazi. Ukiona kitu hakiko sawa, sema, hata sauti ikitetemeka, hata wakubwa wakinuna. Aibu ya kusimamisha kazi inaisha siku hiyohiyo. Hii yangu nimezeeka nayo. Usitie sahihi juu ya kitu ambacho macho yako yamekikataa. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme, hata kama unajua hutasamehewa.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Akurudishe nyumbani salama kila jioni, wewe na kila anayekuamini kazini.